Walioandikwa Pamoja

Uliiona. Usigeuze uso, uliiona. Januari ya mwaka sabini na nne orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu Kisarawe, karatasi ndefu isiyokatwa, yenye matundu pembeni na herufi kubwa tupu. Ulipenya kati ya watu, ukateremsha kidole mpaka kwenye jina lako, ukakuta umepewa kituo ulichokiomba, ukashusha pumzi, ukaenda zako kunywa chai. Kando yako alisimama mwanamke wa gauni la kijani, mtoto mgongoni, anasoma mstari mmoja kwa mara ya nne. Alikuuliza, "Samahani ndugu, hapa kwangu wameandika nini?" Si kwamba hajui kusoma, ni mwalimu wa hesabu. Aliuliza kwa sababu alichokisoma hakikuwa kweli. Nawe ukamjibu bila hata kumtazama: "Wameandika PAMOJA, dada. Una bahati, wenzako wanalia."

Mwanamke yule ni mke wangu, Redempta. Mtoto ni binti yetu, Stellamaris. Siku ile mimi nilikuwa Kibaha, wao wako Msimbu, na hatujakaa nyumba moja hata mwezi mzima tangu hapo. Ni miaka kumi na moja sasa. Labda si wewe uliyejibu. Basi ulikuwa yule wa nyuma yake, au yule aliyesimulia nyumbani jioni ile kwamba mashine imefanya kazi nzuri mwaka huu. Ubao ulikuwa mmoja, macho yalikuwa mengi.

Stella sasa yuko darasa la sita. Mwakani la saba, halafu akifaulu anakwenda bweni huko watakakompangia, asipofaulu anakwenda kwa shangazi yake Morogoro kujifunza ushonaji. Mama yake ameshalipanga hilo. Umebaki mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa watu watatu kuamka chini ya bati moja. Hicho tu ndicho ninachokitaka, na kamati ya uhamisho inakaa Ijumaa hii. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nitakueleza jambo nililotaka nife nalo.

Mimi nilikuwa mwandishi wa programu. Najua neno lenyewe halikuambii kitu. Kompyuta, mashine ile ya kuhesabu unayoisikia, haina akili hata ya kuku. Lazima mtu aiandikie hatua kwa hatua: chukua hiki, linganisha na kile, vikiwa sawa fanya hivi, visipokuwa sawa pita kule. Kila hatua inatobolewa kwenye kadi yake, kadi zinapangwa sandukuni, mashine inalishwa sanduku zima. Ukikosea kadi moja mashine haikuulizi. Inatii.

Sina cheti. Mwaka sitini na nane niliingia kwenye shirika moja la umma pale Dar es Salaam, jina silitaji, nikiwa tarishi. Nilibeba masanduku ya kadi kutoka chumba cha akina dada wa kutoboa mpaka chumba cha mashine. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliporudi kwao aliacha kitabu kikubwa juu ya kabati, nikakichukua. Nilikisoma miaka miwili kwa msaada wa kamusi iliyochanika, iliyoishia herufi ya R. Maneno yote kuanzia S niliyakisia. Siku mwandishi wao alipolazwa hospitali, nikaimalizia kazi yake. Wakanipa meza.

Chumba kile kilikuwa na baridi. Mashine ilikuwa inaogopa joto, kwa hiyo ilitiwa ubaridi ambao sisi watu hatukutiwa. Mimi peke yangu katika Dar es Salaam nzima, mwezi wa Februari, nilitembea na sweta kwapani. Makondakta waliniita Baba Baridi. Nililipenda jina hilo, wallahi, kwa sababu lilitokana na kazi yangu. Sweta lenyewe bado ninalo. Limetundikwa msumarini kwangu Sofu, hapa Kibaha, na halijavaliwa tangu mwaka sabini na sita.

Sasa sikiliza lile kosa.

Mwaka sabini na moja tuliletewa agizo: mashine ipange vituo vya walimu. Mwalimu wa kike aliyeolewa asogezwe karibu na mumewe. Ambaye tayari yuko pamoja na mumewe asisumbuliwe. Agizo zuri. Ila ilikuwa juu yangu kuiambia mashine maana ya kuwa pamoja. Mashine haijui ndoa, inajua namba. Nikiwa kijana niliyepanga chumba kimoja Magomeni, sina mke, sina mtoto, nilifikiri dakika kumi hivi, nikaandika: kama namba ya wilaya anayoishi mume ni ile ile ya wilaya anayofundisha mke, andika PAMOJA, nenda kwa anayefuata.

Matilda, dada aliyekuwa akinitobolea kadi, aliisoma ile hatua akaniangalia juu ya miwani.

"Yaani kwako wewe," akasema, "mtu akiwa wilaya moja na mkewe basi wamelala kitanda kimoja?"

"Toboa kadi, dada."

"Natoboa. Ila siku ukioa utanikumbuka."

Nimekukumbuka, Matilda. Kila Jumamosi nimekukumbuka.

Wakati ule Kibaha ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Ndiyo, hii hii Kibaha ya barabara ya Morogoro, wilaya moja na Msimbu ya huko nyuma ya Kisarawe. Mwaka sabini na mbili nikamwoa Redempta, yeye akapangiwa shule ya kijiji Msimbu, nami nikatafuta kiwanja. Nilikwenda ofisini, nikatazama ramani ya wilaya ukutani, nikaona rangi ni moja. Nikanunua Sofu. Nilisema, si wilaya moja? Mimi mwenyewe, mwenye macho mawili na miguu, nilifanya kosa lile lile nililoifundisha mashine.

Wewe unaijua njia, usijifanye. Kutoka Sofu kwenda Msimbu unaingia kwanza Dar es Salaam, unatoka tena kwa njia ya Pugu mpaka Kisarawe, na kutoka hapo ni lori la mtu mwenye huruma au miguu yako. Iko njia ya porini. Nimeipita mara mbili kwa baiskeli, na mara ya pili mimi niliibeba baiskeli zaidi kuliko ilivyonibeba. Ukitoka kazini Jumamosi mchana, unafika watu wameshakula. Jumapili baada ya misa unaanza kurudi. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi za ndoa.

Januari sabini na nne nilisimama mbele ya mashine ikichapa. Inapiga kelele, karatasi inateremka kama kitambaa kinachomwagika. Nilikuwa natafuta jina la mke wangu. Nilikuwa nimeshamwahidi, nilimwambia, "Mashine ni yangu, utaletwa Kibaha kabla Stella hajatembea." Jina likaja. Mbele yake: PAMOJA.

Sikuhitaji kufikiri. Niliiona ile kadi kichwani jinsi unavyouona uso wa mtu uliyemkosea. Nikapitia orodha kuwahesabu wenzake wa aina ile, kisha nikaenda kwa mkubwa wangu, Ndugu Lucian. Siku ile alivaa suti ya Chou En-lai ya rangi ya udongo, kifungo cha pili hakipo. Mimi husahau sura, sisahau siku.

"Ndugu Lucian, orodha ina kosa. Wako walimu imewahesabu wako na waume zao, na hawako."

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Kati ya mia ngapi?"

"Mia tisa na kitu."

Akafunga mlango. "Nisikilize, Telesphory. Huko juu wanatutafutia sababu. Wanasema mashine hizi zinakula fedha za kigeni na hazina faida. Ukitamka leo kwamba imekosea, kesho wanang'oa waya. Na wewe unarudi kuwa tarishi. Unataka?"

Nilitazama ile mashine kupitia kioo. Taa zake ndogo zilikuwa zinawakawaka. Nilikuwa nimetoka kwenye kubeba masanduku mpaka hapo kwa kamusi iliyoishia R. Nikasema, "Hapana, Ndugu."

"Basi tutalirekebisha mwakani, kimyakimya."

Mwakani haukuja. Mwaka ule ule serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Yetu ikaendelea kukohoa, kipuri hakipatikani, mwaka sabini na sita ikazima siku ya Jumanne na haikuwaka tena. Nilimuuza mke wangu kwa mashine, na mashine yenyewe haikudumu. Nikaomba kazi Kibaha, ukarani wa ghala kwenye karakana, nahesabu misumari na bomba. Na orodha? Orodha ikabaki. Kwa kuwa mashine haipo tena ya kuandika nyingine, ile ikawa kama msahafu. Baadaye wilaya ikagawanywa, Kibaha ikawa wilaya yake, ukadhani sasa hata kipofu ataona. Wapi. Redempta aliandika barua ya kuomba uhamisho kila mwaka, na kila mwaka jibu moja: rejea orodha ya mashine, mwalimu anaishi pamoja na mwenzi wake, ombi halina msingi.

Nami unanijua. Mimi ndiye yule anayesimama kwenye mikutano ya tawi na hakai mpaka ashikwe shati. Nimeandika barua kumi na nne kwa wahariri. Nimepiga kelele juu ya kitenge kinachotokea mlango wa nyuma wa duka la kaya, juu ya bomba la Sofu linalotoa upepo, juu ya katibu aliyejipa bati la zahanati. Nakumbuka tarehe zote, na wenyewe wanajua nakumbuka, ndiyo maana wanavuka barabara wakiniona. Nimelaani kila kosa lililofanyika kati ya Kibaha na Kisarawe isipokuwa moja.

Mtu aliyezoea kuandika programu haachi, hata mashine isipokuwepo. Nilianza kuokota viberiti vitupu. Nilivigundisha arobaini na vinane kwenye ubao, safu sita, kila kimoja na namba yake, na ndani ya kila kimoja kikaratasi. Hiyo ndiyo kompyuta yangu. Hatua zimeandikwa daftarini, mimi mwenyewe ndiye umeme: nafungua cha tatu, nalinganisha na cha nne, nabadilisha kikaratasi, naendelea. Kujumlisha orodha fupi ya misumari kunanichukua Jumapili nzima kuanzia saa nane, na ninajua jibu kabla sijaanza. Usicheke. Kuna Jumapili ambazo mtu anahitaji kazi ndefu.

Mwanamvua, jirani yangu anayepika vitumbua, yeye hucheka.

"Baba Stella, hebu nigawie kimoja niwashie jiko."

"Havina njiti, Mwanamvua."

"Sasa viberiti havina njiti, nyumba haina mke, wewe mwanaume una nini chenye kitu ndani?" Halafu ananiletea vitumbua viwili kwenye kisahani na hasemi ni vya nini. Mumewe Shomari anadai mtaa mzima unaamini napiga ramli. Waache waamini. Mpiga ramli angalau anatembelewa.

Ya usiku sisemi, kila mtu analala. Shida ni asubuhi. Unachemsha chai ya mtu mmoja kwenye sufuria iliyonunuliwa kwa ajili ya watu sita. Unamwaga maji yaliyozidi. Kila siku yanazidi, miaka kumi na moja sijajifunza kipimo cha mtu mmoja, mimi mtu wa namba.

Na Jumamosi nikifika Msimbu, Stella ananikimbilia, ananipokea mkoba, "Shikamoo baba," ananipangusia kiti kwa kanga, ananiletea maji ya kunawa, anasimama kando akinishikia taulo. Ana adabu sana. Watoto wengine hawawafanyii hivyo baba zao. Baba zao wanakaa kwenye kigoda chochote na kuitisha ugali. Mimi napewa kiti. Siku moja nilimsikia nje anamwambia mwenzake, "Leo sichezi, tuna mgeni." Sikumsahihisha.

Likizo ya Juni mwaka huu walikuja Sofu, wote wawili, wiki moja. Siku ya pili asubuhi Stella alikwenda kwa Mwanamvua kutazama vitumbua vinavyogeuzwa. Redempta akakaa mbele ya ubao wangu wa viberiti, mikono mapajani.

"Hivi ndivyo vinavyokula Jumapili zako?"

"Ndivyo."

"Nionyeshe. Mimi nafundisha hesabu, usinifiche."

Ningeweza kumwonyesha misumari. Lakini daftari lililokuwa wazi ni jingine. Miaka yote ile nilikuwa naiendesha programu ile ile ya walimu, naitengeneza, naongeza hatua moja baada ya ile yenye kosa: kama wilaya ni moja, uliza safari ni ya saa ngapi. Nilishaitengeneza vizuri kabisa. Haikuwa na mashine ya kuila. Sijui mkono wangu uliamua vipi. Nilimfungulia ukurasa wa zamani, ule wa mwaka sabini na moja.

"Weka wilaya ya mume kwenye kiberiti cha kumi na mbili," nikamwambia. "Ya mke, cha kumi na tatu."

Sikumpa majina. Alichukua kalamu akaandika mwenyewe, vikaratasi viwili, neno moja. "Zamani zile Kibaha ilikuwa Kisarawe, sivyo?"

"Ndivyo."

"Kisarawe. Na Kisarawe. Haya."

"Linganisha."

"Ni sawa."

"Zikiwa sawa, nenda cha thelathini, ufungue."

Akafungua. Alikisoma kikaratasi muda mrefu kuliko neno lilivyo refu.

"Rudia."

"Itatoka vile vile, Mama Stella."

"Nimesema rudia."

Tukarudia. Nje Mwanamvua alikuwa anamwambia Stella asisogelee mafuta. Kiberiti cha thelathini kikafunguliwa mara ya pili.

"Mwandiko wako naujua, Telesphory," akasema. Haniiti hivyo. Tangu mtoto azaliwe hajaniita hivyo. "Ulijua lini?"

"Siku ilipotoka kwenye mashine. Kabla hujaiona ubaoni."

Nilitegemea alie, nilijiandaa kwa kilio. Akacheka. Mungu aninusuru nisikisikie tena kicheko kile.

"Miaka kumi na moja," akasema, "sijampa mkono mzee Leodegar. Karani wa watu, amebandika karatasi aliyoletewa, basi nikajua ni yeye. Kanisani wakati wa kupeana amani namgeuzia kisogo. Mwaka juzi alifiwa na mkewe, nilipika nikampa mtu apeleke, sikwenda mwenyewe. Na aliyeandika anakuja kwangu kila Jumamosi, nampigia pasi shati lake!"

"Nitaacha kazi," nikasema. "Nitahamia Msimbu. Mwezi ujao naja na kitanda changu."

"Ungesema hivyo mwaka sabini na nne ningekupigia vigelegele."

"Nasema sasa."

"Sasa hapana. Honorata yuko Mzenga, mumewe yuko Mlandizi. Efrazia yuko Maneromango, wake yuko Soga kwenye kazi ya reli. Kila semina tunakaa benchi moja, tunajiita wake wa mashine. Ukija Msimbu na kitanda chako, na wao utawapelekea kitanda? Umewaandika ishirini na watatu. Wafute ishirini na watatu. Anza kwa Leodegar."

Stella akaingia na kitumbua cha moto kwenye jani. "Baba, karibu," akasema, nyumbani kwangu. Kwake pia, lakini nani amemwambia?

Leodegar anastaafu mwezi wa Desemba. Nilimkuta peke yake kwenye ofisi ya walimu Kisarawe, anashona faili kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mkeo hajambo? Nakuuliza wewe kwa sababu yeye haniitikii."

Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa shetani wa bure."

"Nisamehe, mzee."

"Kusamehe nitasamehe Jumapili, leo ni siku ya kazi." Akavuta faili kutoka chini kabisa, orodha yenyewe ile, imekuwa njano kwenye mikunjo. "Mwaka sabini na saba niliwaandikia wakubwa kwamba humu mna kasoro. Wakanijibu mashine haikosei, nikapime macho. Nikaenda, nikapimwa. Ndiyo hii miwani."

"Sasa inafutwaje?"

"Kwa kanuni. Nusu ya walioandikwa hivyo walalamike kwa saini zao, mke na mume, hapa mbele yangu, kabla kamati haijakaa. Ishirini na watatu, kwa hiyo nitafutie jozi kumi na mbili. Na wewe uandike kosa lako kwa mkono wako, nilibandike juu. Jozi kumi na mbili zikitimia, kamati inaifuta mistari yote ishirini na mitatu kwa mkupuo, Januari kila mtu anahama. Zikiwa kumi na moja ni ombi la watu binafsi, linarudi. Na mimi Desemba sipo. Atakayekuja hajui hata faili liko wapi."

Niliandika palepale. Kurasa mbili. Ni mara ya kwanza kuandika barua ya malalamiko inayonilalamikia mimi, na kalamu ilikuwa nzito, usinidharau.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Msimbu. Wakati wa kupeana amani Redempta alitoka kwenye benchi letu, akavuka upande wa pili, akamfuata Leodegar mpaka nguzo ya mwisho. Padri alingoja. Sijui walisemezana nini. Aliporudi alinipa mkono na mimi, kama anavyompa mtu yeyote, akakaa.

Tangu hapo nimezunguka kwa baiskeli. Jozi tisa zimetia saini. Honorata alikuja na mumewe, wakatia saini halafu wakashangaa hawajui waende wapi pamoja, wakaenda kununua karanga. Efrazia alikuja kwanza peke yake, akarudi siku ya tatu amemshika mumewe mkono kama mtoro. Wengine? Anselmi wa Visiga aliniambia nimeshamharibia maisha mara moja, nisimharibie mara mbili. Haki yake. Fabian alicheka: "Ndugu yangu, mimi na mwenzangu tumezoea. Tukiwekwa nyumba moja tutauana." Alicheka mpaka mlangoni, kisha nikamwona dirishani anachemsha chai kwenye sufuria kubwa. Mmoja alisema anaogopa kuonekana anapinga orodha ya serikali. Wapo wawili ambao sikuwakuta, niliwaachia ujumbe kwa majirani, na wapo niliowakuta wakajificha, viatu viko mlangoni.

Nimeandika haya, rafiki mmoja mwenye mashine ya stensili amenitolea nakala sitini, na moja imekufikia. Basi usitafute tena mtu wa kulaumiwa, nimeshajitaja. Usiseme ni mambo ya watu na ndoa zao. Kama jina lako liko kwenye mistari ile, unajua, umeishi nao. Kama haliko, mwalimu wa mwanao yuko, na unajua anapoishi mwenzake kwa sababu umemwona akishuka peke yake na mkoba wa Jumamosi.

Zimebaki jozi tatu. Leo ni Jumatatu. Leodegar anafungua mlango saa moja na nusu asubuhi na anafunga Alhamisi jioni. Ijumaa kamati ikishakaa bila jozi hizo, Stella ataingia darasa la saba akinipangusia kiti.

Kwa hiyo weka karatasi hii chini. Mwandikie mkeo, mtumie mumeo mtu, mpelekee mwalimu yule nakala hii kwa mkono wako, usimpe mtoto. Vaa viatu. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu Kisarawe, na utanijua: nitakuwa nimevaa sweta. Njoo na kalamu. Usipite mbele ya ubao ule tena bila kusimama. Njoo utie saini.